Sungura Aliyekwenda Bweni

Jumapili, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Naandika kwenye daftari la hesabu la binti yangu, yeye amepewa jipya na hili lilikuwa limebaki nusu. Mwalimu wetu wa darasa la jioni amesema kila mmoja wetu aandike kila siku, hata mstari mmoja, la sivyo herufi zitatutoroka tena kama zilivyotutoroka utotoni. Basi naandika. Mkono unauma.

Tumehamia hapa Jumatano. Vyumba viwili, bati linavuja pembeni tu. Mama mwenye nyumba alitupokea vizuri, akahesabu watoto kwa kidole, mmoja, wawili, kisha kidole kikasimama kwenye boksi. "Watoto nawapokea. Wenye manyoya, hapana." Ndani ya boksi alikuwa Jivu, sungura wa binti yangu, wa kijivu, sikio la kushoto limechanika tangu aliponaswa kwenye waya. Kesho nampeleka ile bustani ya wanyama ya mtaa, ya bure, inayotunzwa na wakazi wenyewe. Wanasema wanapokea.

Jumatatu, 4 Machi

Nimempeleka. Getini kuna dirisha dogo na ubao mrefu wenye maandishi. Mstari wa kwanza ni mkubwa, nikausoma bila kusaidiwa: Karibuni nyote, kuingia ni bure. Nilifurahi peke yangu kama mjinga. Chini yake herufi ni ndogo, zimebanana, na nyuma yangu walisimama watu wawili, mmoja ana kuku kwenye mfuko, anakohoa kile kikohozi cha kuambia mtu aondoke. Akaja mwanamume wa mabuti ya mpira na ndoo, ndiye anayelisha wanyama. Akaniuliza, "Mama, umesoma ubao?" Nikasema nimesoma. "Umekubali?" Nikasema nimekubali. Akanipa kitabu nikaandika jina langu lote, vizuri, sikutoka nje ya mstari. Alimshika Jivu kwa upole, akamtia kwenye kreti la buluu. Mlikuwa na sungura wengine watatu. Nikasema moyoni, kapata wenzake.

Nyumbani binti yangu alikuwa mlangoni. Ana miaka minane, yuko darasa la tatu, na baba yake anamwita Redio, kwa sababu tangu ajue kusoma hakuna maandishi yanayompita. Anasoma mfuko wa saruji, anasoma kopo la rangi, anasoma "usiguse" huku ameshika.

"Yuko wapi?"

"Amekwenda bweni."

Baba yake akadakia kutoka kitandani, "Akifunga shule anarudi na cheti, na wewe bado uko la tatu."

Akacheka, lakini midomo inacheza. "Tutamtembelea lini?"

"Jumapili. Mvua ikikatika."

"Ahadi ni deni, mama."

Mdogo wake, ana miaka minne, akauliza kama Jivu kapewa sare.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Baba yao hakwenda kazini. Yeye ni fundi wa plasta, kuta za nje hazipigwi kwenye mvua.

Alhamisi, 7 Machi

Leo hakuna la maana.

Jumapili, 10 Machi

Mvua kuanzia alfajiri. Redio alikuwa ameshavaa gauni lake na ametia maganda ya karoti kwenye mfuko. Alikaa nao dirishani mpaka saa sita. Nikamwambia, Jumapili ijayo, mvua ikikatika. Maganda kayaweka chini ya kitanda ili yasioze. Yataoza.

Jumatano, 13 Machi

Leo naandika mengi hata mkono ukatike.

Mimi napiga pasi kwa dobi, meza yetu ni ya watu wawili. Mwenzangu wa meza hiyo tunamwita Mama Pacha. Anakaa nyuma ya ile bustani, ukuta kwa ukuta, majogoo wa huko ndio saa yake. Nilikuwa namsimulia kwa kicheko habari ya bweni na sare. Akaweka pasi chini. Mama Pacha haweki pasi chini hata ukimwambia nyumba yake inaungua.

"Shoga, ulimpeleka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na ubao ukausoma?"

Nikasema nimesoma. Ulimi umeshazoea hilo jibu.

"Basi una moyo. Mimi siwezi. Pale chatu anakula nini, kwani? Mkate na chai?"

"Si kuna mabaki ya sokoni."

"Chatu hali kabichi, mwenzangu. Mabaki ya sokoni ni ya kobe na tumbili. Chatu na yule tai mwenye bawa bovu wanakula mnaowaleta nyinyi. Tai kila siku. Chatu Alhamisi."

Nikanusa kitu kinaungua. Ilikuwa kola ya shati la watu, chini ya pasi yangu.

Kutoka kazini nilikwenda moja kwa moja, bila mwavuli. Mlishaji alikuwa anaosha ndoo. Hata sijafungua kinywa akaniangalia akajua. Nadhani tunafanana sote tunaorudi. Akaleta kitabu.

"Huu si mwandiko wako, mama?"

"Ni wangu."

"Mimi huuliza mara mbili. Na wewe ulijibu mara mbili."

Akasema pole. Nilimchukia kwa ile pole kuliko kama angenifukuza. Ana mikono mipana, safi, imenyauka kwa maji, nikawa siwezi kuacha kuitazama.

Nikasimama mbele ya ubao. Hakukuwa na mtu nyuma yangu wa kukohoa. Nikaweka kidole chini ya kila neno, mvua inashuka mgongoni, nikasoma mpaka mwisho: Sungura, kuku na njiwa wanaoletwa hapa ni chakula cha nyoka na ndege wa mawindo. Hawarudishwi. Asiyekubali asiandike jina.

Jina langu nililiandika vizuri sana.

Nimefungua nyuma humu daftarini nione Alhamisi ile nilikuwa nafanya nini. Nimeandika leo hakuna la maana.

Alhamisi, 14 Machi

Leo ni siku ya chatu. Nimepiga pasi mashuka tu, hayana kola.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Asante Mungu.

Jumatano, 20 Machi

Redio ameleta daftari, amepata alama zote. Waliambiwa waandike barua ya kirafiki. Naiandika hapa kama alivyoiandika yeye.

"Mpendwa Jivu, hujambo? Mimi sijambo, ila mvua. Huko bweni mnalala saa ngapi? Kama kuna wakubwa wanaokuonea, kaa karibu na mlango. Tutakuja Jumapili. Mama ameahidi. Mimi rafiki yako."

Anataka nikipita kazini niipeleke. Nimesema nitaipeleka. Iko humu humu, katikati ya kurasa.

Jumapili, 24 Machi

Mvua ilikatika saa nne asubuhi, jua likatoka kama mtu aliyetumwa kunishtaki. Nikasema njia ina matope. Redio akasema ana ndala. Nikasema mdogo wako anakohoa. Yule mjinga akasema hakohoi. Nikampiga kibao kidogo mgongoni, akakohoa. Hatukwenda.

Njia ya mwongo ni fupi, mama yangu alikuwa akisema hivyo. Mimi naona ni ndefu, haina mwisho, na kila Jumapili natakiwa kuirefusha.

Jumatano, 27 Machi

Wiki ya nne baba yao hajafanya kazi siku mbili mfululizo. Mwiko wake ameutundika msumarini juu ya kitanda. Zamani alikuwa anaimba akiuosha.

Jumapili, 31 Machi

Alfajiri nilisikia matone kwenye bati. Nilidhani wote wamelala, nikasema kwa sauti, "Asante, Baba, asante."

Sauti ikatoka gizani. "Unamshukuru nani?"

Nikajifanya nimelala.

"Jana na juzi nimepiga ukuta mzima wa watu. Muda huu unateremka kama uji. Na mke wangu anashukuru. Niambie basi, labda na mimi nitafurahi."

Nikamtoa nje barazani, watoto wasisikie. Nikamwambia yote, ubao, kitabu, Alhamisi. Kwanza alicheka. Akasema, "Chatu kamla mwanafunzi." Kisha akaacha, kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Mwambie mtoto."

"Mwambie wewe."

"Wewe ndiye uliyemsaini."

"Na wewe ndiye uliyempa cheti."

Tukakaa tunatazama maji yanapita mbele ya miguu yetu, ya rangi ya saruji. Hatukuwa na hasira. Hasira ingekuwa nafuu. Akaingia ndani, akajifunika hadi kichwani.

Miaka yote nilimjua ni mtu wa mdomo, jambo zito analigeuza mzaha likapita. Leo nimeona halipiti, linaingia kwake na kukaa.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Redio hakuvaa gauni. Aliuliza tu, "Leo pia?" akarudi kwenye kazi zake za shule.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilitaka kumwambia leo. Nilimkalisha nimsuke. Mtu akisukwa hawezi kukimbia wala hakuoni uso. Nikaanza, "Unajua, wanyama nao..." Akasema, "Mama, Jivu akinisahau, nitamjua kwa sikio." Nikamvuta nywele bure, akalia kwa nywele. Nikamwomba radhi kwa nywele.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua kidogo. Nimewaambia ni nyingi.

Jumatano, 8 Mei

Siku ya tatu kavu. Baba yao ameitwa kazini. Ameuosha mwiko lakini hakuimba. Kabla ya kutoka akaniambia chini chini, "Jumapili hakuna pa kujificha." Kweli. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Jumamosi, 11 Mei

Nilikwenda kwa Mlishaji. Nilikuwa nimepanga maneno njiani lakini nilipofika nikasema tu, "Kesho namleta mtoto."

Hakushangaa. Akanipeleka nyuma ya banda la nungunungu, kwenye kizimba kidogo chenye majani makavu. Ndani alikuwa sungura wa kijivu, mzee, mnene, macho yamelegea.

"Huyu hapewi chatu wala tai," akasema. "Huyu ndiye wao wote."

"Wote nani?"

"Wote wanaokuja Jumapili. Ameshakuwa wa watoto wangapi, siwezi kukutajia. Wa kwako jina lake nani?"

"Jivu."

"Basi ni Jivu."

"Wetu sikio limechanika."

"Limepona. Watoto wanapenda kusikia kitu kimepona."

Nikamuuliza kama haoni haya. Nilitaka kumuumiza, nakiri. Akaendelea kusukuma majani kwa mguu. Akasema, "Nilipoanza kazi nilikuwa nawaambia ukweli. Mwezi mmoja. Kuna mtoto alikaa pale kwenye mawe, hakulia, hakusema, mama yake anambeba yuko kama gogo. Kesho yake nikamtoa huyu kwenye kreti." Kisha akasema, "Tai naye hawezi kuruka, mama. Nimpe nini?"

Nimerudi simchukii. Nilikuwa nimezoea kumchukia, sasa sina wa kumchukia ila yule aliyeandika jina.

Jumapili, 12 Mei

Tumekwenda.

Wote wanne, tumeoga, baba yao amevaa shati nililompigia pasi mwenyewe. Redio alianza kutangaza tangu mlangoni. "Hapa hakuna njia." "Tunashona sare." "Kinyozi, karibu ukae." Mdogo amebebwa mabegani anarudia nyuma yake kama mwangwi. Watu wanatugeukia, wanacheka. Kwa muda nilisahau. Nilitazama shingo ya mume wangu na miguu ya mwanangu inaning'inia pande mbili nikafikiri, hawa ni wangu, na leo hainyeshi.

Tukafika getini. Baba yao akaniangalia, mimi namwangalia. Hakuna kati yetu aliyeufikiria ubao. Miezi miwili nimeukosea usingizi ubao ule, na asubuhi hiyo nilikuwa nawaza sikio tu.

"Karibuni nyote," akasoma Redio kwa sauti kubwa. "Kuingia ni bure."

Kisha hakusoma tena.

Midomo ilikuwa inakwenda. Niliiona ikienda, mstari kwa mstari, upesi, yeye hahitaji kidole. Ikafika mwisho ikasimama. Nikasema, "Twende, twende, tumbili wale." Hakuniangalia. Aliendelea kuutazama ubao muda mfupi tu, kama mtu anayehakikisha hesabu, akanipa mkono wake. Ulikuwa wa baridi.

Tukaona tumbili wawili wanagombea ganda. Tukaona kobe, mdogo akauliza kwa nini hajateremsha jiwe lake la mgongoni. Tausi hakufungua mkia. Tai amekaa juu ya gogo, bawa moja linaburura, anatutazama kwa jicho moja. Redio alisimama pale kwa muda. Kwa chatu hakusimama. Alipita akiangalia mbele, na mimi nilipita akinishika.

Mlishaji akatupokea kwenye kizimba. Alikuwa amevaa shati safi.

"Wageni wa Jivu hao?"

Mdogo akapiga kelele, "Jivu!" akaingiza kidole kwenye wavu. "Barua ilifika?"

Mlishaji akaniangalia. Nikamwitikia kwa kichwa. "Ilifika," akasema. "Nilimsomea."

Redio akachutama. Yule sungura mzee akasogea, anajua kazi yake, akaweka pua kwenye wavu. Masikio mawili marefu, mazima, hayana hata mkwaruzo. Mwanangu aliyatazama. Baba yake akasafisha koo, "Hata mimi nilishangaa, sikio..." akashindwa kumaliza. Yeye, mtu wa mdomo.

Redio akageuza kichwa akaniangalia usoni. Aliniangalia kama mimi ninavyomwangalia akiwa na homa.

"Limepona, mama," akasema. "Kweli limepona. Ndiye."

Akatoa maganda mapya ya karoti akamlisha moja moja. Nikaanza kulia, nikasema ni vumbi. Hakuna vumbi baada ya mvua ya miezi miwili. Akasema, "Futa na hii," akanipa upindo wa gauni lake.

Hayo yangetosha. Lakini wakaja wengine, baba na kijana mdogo wa miaka mitano hivi, amebeba jani la kabichi kubwa kuliko kichwa chake. Akamwona sungura akaruka.

"Simba! Simba wangu!"

Mlishaji akafunga macho. Baba wa yule mtoto akanitazama, tukatambuana, kama watu wawili waliokutana kwa mganga. Mwanangu mdogo akaanza kufoka, "Si Simba, huyu ni Jivu, yuko bweni." Yule mtoto akageuka kwa baba yake, uso umeanza kukunjika.

Redio akamshika mdogo wake mdomo. Akasimama, akampisha yule mtoto mbele ya kizimba.

"Ni Simba," akamwambia. "Mdogo wangu hajui wanyama. Mpe polepole, anapenda kipande kidogo. Amekungoja sana."

"Kweli?"

"Kweli. Aliniambia."

Tukarudi nyumbani. Mdogo alilala mabegani. Tulipita kwa kinyozi, tulipita wanaoshona sare, hakuna aliyesoma kitu.

Jumatatu, 13 Mei

Jua. Nimepiga pasi mpaka jioni. Mama Pacha aliuliza ilikuwaje, nikasema alifurahi.

Alhamisi, 16 Mei

Nimesema nitamwambia, kwa kuwa anajua. Kisha nikaona, nikimwambia nitakuwa namnyang'anya. Yeye amebeba uongo ule ili mimi nisiumie, anaubeba kwa mikono miwili. Nikisema "mwanangu, najua unajua", atauweka wapi? Au labda hayo ni maneno ya mwoga aliyejifunza kuandika.

Baba yake alimwonyesha gazeti lililofungiwa misumari. "Redio, habari za leo." Akasema, "Soma wewe, baba." Baba yake akaniambia baadaye, "Betri imekufa." Hakuwa anatania.

Jumamosi, 18 Mei

Nimetafuta barua humu. Haipo. Sikumuuliza Redio.

Jumapili, 19 Mei

Leo kweupe, anga limefagiliwa. Baba yao kaenda kazini hata Jumapili, ukuta ule unapigwa upya. Mdogo alikuwa anachora sungura mwenye sare. Redio anafua soksi zake uani, mgongo umeinama kama wangu.

Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka anidai. Akidai, mimi ni mama bado. Nikasimama mlangoni nikasema, "Jumapili ijayo twende tena bustanini? Ukamwone?"

Hakugeuka. Akakamua soksi, akaitundika kwenye kamba penye jua kali, akaipigapiga ikanyooka.

"Tutakwenda," akasema kwa upole. "Mvua ikikatika, mama."